Mechi 303 za Mtu Asiye na Nchi

Leo twende Japani, kwenye mchezo ambao huku kwetu wachezaji wake ni wachache, lakini kule ndio unaojaza viwanja: besiboli. Nitamzungumzia mrushaji aliyeitwa Victor Starffin. Huyu ndiye mtu wa kwanza kushinda mechi 300 katika ligi ya kulipwa ya Japani. Alipostaafu alikuwa amefikisha 303. Aliingia nchini humo akiwa mtoto mdogo, akakulia huko, akaoa huko, akafia huko. Na siku aliyofariki hakuwa raia wa Japani, wala wa nchi nyingine yoyote duniani.

Hoja yangu naitoa mapema ili uipime tukiwa njiani. Japani ilizihesabu mechi za mtu huyu moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa, mpaka ikafika mahali pa kubishania mechi mbili tu kwa miaka mingi. Lakini mwenyewe aliyezishinda hakuhesabiwa. Nasema hilo si jambo dogo, na wala si la Wajapani peke yao.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo la udongo katikati ya uwanja. Mbele yake, mita 18.44, yupo mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, ambaye humpa mrushaji ishara kwa vidole: leta wa kasi, leta wa kupinda. Mrushaji anauficha mpira ndani ya glovu ili mpigaji asione umeshikwaje, kwa sababu mshiko wa vidole ndio unaoamua kama mpira utanyooka au utakata kona. Anainua mguu, anajisukuma mbele, bega linazunguka, kiwiko kinafuata, na mpira unachomoka kwenye ncha za vidole. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Sasa rudia hivyo zaidi ya mara mia katika mechi moja, kwa mkono uleule. Bega na kiwiko ndio mtaji wa mrushaji, na ndivyo vinavyomwishia kwanza.

Lipo na jambo jingine ambalo msikilizaji wa mpira wa miguu huenda halijui. Besiboli ina wachezaji tisa uwanjani kwa kila timu, lakini mechi ikipata mshindi, ushindi unaandikwa kwa jina la mrushaji mmoja, na kushindwa kunaandikwa kwa jina la mrushaji mmoja wa upande wa pili. Kwa hiyo nikisema Starffin alishinda mechi 303, simaanishi tu kwamba timu zake zilishinda naye akiwemo. Namaanisha kwamba mara 303 karani wa mchezo alichukua kalamu akaandika: hii ni ya Starffin.

Alizaliwa mwaka 1916 huko Nizhny Tagil, mji wa viwanda katika eneo la milima ya Ural, Urusi. Mwaka uliofuata mapinduzi yakaiangusha dola ya Tsar, na familia yake, iliyokuwa upande wa utawala wa zamani, ikakimbia. Walivuka Siberia, wakaingia Harbin, kaskazini mashariki mwa China, mji uliokuwa umejaa wakimbizi wa Kirusi. Mwaka 1925 wakahamia Japani, wakaweka makazi Asahikawa, mji wa baridi kali kwenye kisiwa cha Hokkaido. Nyuma yao nchi waliyoijua ilikuwa imekwisha. Serikali mpya ya Kisovieti iliwavua uraia watu wengi waliokimbia namna hiyo. Victor akabaki mtoto asiye na serikali ya kumsemea.

Mtoto akakua, tena akakua sana. Alivuka sentimita 190, katika nchi ambayo wakati ule vijana wengi walimfikia mabegani. Shuleni Asahikawa akapewa mpira, na urefu ule ukageuka silaha, kwa kuwa mpira wake ulimshukia mpigaji kutoka juu, kwa kasi. Ndoto ya kila kijana wa Kijapani anayecheza besiboli, zamani hata leo, ni kufika Koshien, uwanja ulioko karibu na Osaka unakochezwa mashindano ya shule za nchi nzima. Starffin na wenzake waliitafuta nafasi hiyo, hawakuipata. Lakini jina lake lilikuwa limeshatoka nje ya Hokkaido.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka 1933 baba yake, Konstantin, alikamatwa kwa kumuua mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika mkahawa wake, akafungwa. Nyumba ikabaki na mama na kijana. Wakati huohuo, mjini Tokyo, Matsutaro Shoriki, mwenye gazeti la Yomiuri, alikuwa akiandaa ziara kubwa ya wachezaji wa Marekani itakayofanyika mwishoni mwa mwaka 1934. Babe Ruth anakuja. Lou Gehrig anakuja. Jimmie Foxx anakuja. Shoriki alihitaji timu ya Wajapani ya kupambana nao, na baada ya ziara alitaka timu hiyo iwe timu ya kulipwa.

Kulikuwa na kikwazo. Kanuni ya wizara ya elimu ya mwaka 1932 iliwazuia wanafunzi kucheza na watu wa kulipwa. Kijana akikubali kujiunga, shule inaishia hapo, Koshien inaishia hapo, na chuo kikuu pia. Starffin hakutaka. Watu waliotumwa kumchukua walijua mahali pa kubonyeza: baba yuko gerezani, na familia haina uraia. Akaelezwa kwamba wakikataa, wanaweza kufukuzwa nchini. Wafukuzwe waende wapi? Urusi, ambako walikimbia wasiuawe? Kijana wa miaka 18 akakubali. Yeye na mama yake wakaondoka Asahikawa usiku.

Msikilizaji, tusimame hapa kidogo. Huo ndio mkataba wa kwanza wa mrushaji mkubwa wa Japani. Mwanasoka wa leo akisaini, ana wakala, ana mwanasheria, ana mahali pa kurudi wasipoelewana. Huyu alisaini kwa hofu. Kipaji kilikuwa chake, lakini hakuwa na uwezo wa kusema hapana, na mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito wa ridhaa.

Alipata kuwarushia Wamarekani kwa muda mfupi tu mwezi Novemba mwaka 1934, katika mji wa Omiya. Nyota wa ziara ile upande wa Wajapani alikuwa kijana mwenzake, Eiji Sawamura, aliyekuwa na miaka 17. Tarehe 20 Novemba, katika uwanja wa Kusanagi mjini Shizuoka, Sawamura aliwatoa kwa mpangilio Charlie Gehringer, Babe Ruth, Lou Gehrig na Jimmie Foxx bila hata mmoja kuugusa mpira ukaingia uwanjani. Wamarekani walishinda mechi ile 1 kwa 0 tu, kwa pigo moja la Gehrig lililovuka uzio. Wayaweke moyoni majina haya mawili, Sawamura na Starffin, wale wanaonisikiliza, maana nitawarudia pamoja.

Ligi ya kulipwa ilianza mwaka 1936. Timu ya Yomiuri, Tokyo Giants, chini ya kocha Sadayoshi Fujimoto, ndiyo iliyotawala. Na mwaka 1939 Starffin akafanya jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelizidi. Giants walicheza mechi 96 msimu ule, wakashinda 66. Katika hizo 66, mechi 42 ziliandikwa kwa jina la Starffin. Mtu mmoja, mkono mmoja. Mwaka uliofuata, 1940, akashinda 38, na kwa kila zamu tisa alizorusha, yaani mechi nzima, wapinzani walipata kwa wastani chini ya pointi moja kutokana naye.

Tupime kwa macho ya leo. Mrushaji anayeanza mechi Japani siku hizi hurusha mara moja kwa wiki, kisha anapumzisha mkono. Mwaka 2013 Masahiro Tanaka wa Rakuten Golden Eagles alishinda mechi 24 bila kushindwa hata moja, na nchi nzima ikasimama kumpigia makofi, na alistahili. Starffin alishinda 42 kwa sababu alikuwa hodari, ni kweli, lakini pia kwa sababu alitumiwa bila kipimo. Anaanza mechi leo, kesho mwenzake akizidiwa anaitwa tena aingie amalizie. Rekodi ile ni sifa yake, na ni ushahidi wa jinsi alivyokamuliwa. Ya kwanza inatajwa mara nyingi. Ya pili inatajwa mara chache.

Katika mwaka huohuo wa 1940, vita vikiwa vimeshaanza China na hewa ya siasa ikizidi kuwa nzito, besiboli ilishinikizwa ijisafishe kwa kuondoa kila kitu cha kigeni. Giants wakaacha jina lao la Kiingereza. Na Victor Starffin akapewa jina jipya: Hiroshi Suda. Mashabiki waliokuwa wakimwita Starffin wikendi iliyopita wakaanza kulisoma jina la Suda kwenye ubao. Aliendelea kurusha, aliendelea kushinda. Mwaka 1942 alishinda 26. Mtu amebadilishwa jina, amevaa sare yao, anaongea lugha yao tangu utotoni. Alitaka uraia wa Japani. Hakuupata.

Mwaka 1944 msimu ulipoanza alishinda mechi sita, hajashindwa. Kisha akaondolewa kwenye timu kwa kuwa ni mgeni, akapelekwa Karuizawa, mji wa milimani katika mkoa wa Nagano, ambako wageni waliwekwa chini ya uangalizi. Jina la Suda halikumsaidia kitu. Walipomtoa alikuwa na mechi 199. Imebaki moja afikishe 200, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuzifikisha.

Sasa mrudishe Sawamura. Yeye alikuwa raia, Mjapani wa kuzaliwa, kwa hiyo nchi ilimwita jeshini, ikamwita tena, ikamwita mara ya tatu. Bega lake, lililowanyamazisha Ruth na Gehrig, liliharibikia huko jeshini. Tarehe 2 Desemba 1944 meli aliyokuwamo ilizamishwa karibu na kisiwa cha Yakushima. Alikuwa na miaka 27. Leo tuzo kubwa ya warushaji wa Japani inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mwaka mmoja, 1944, uliwatenganisha vijana hawa wawili waliotoka kwenye ziara moja: mwenye nchi aliuawa na vita vya nchi yake, asiye na nchi alifungiwa na nchi aliyoitumikia. Sisemi yupi alipata nafuu. Ninachosema ni kwamba uraia si pambo la karatasi. Unaamua uitwe wapi, uwekwe wapi, na nani awajibike kwako.

Vita vilipokwisha, Starffin alifanya kazi kwa majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani, akiwa mkalimani. Mwaka 1946 alirudi uwanjani, lakini hakurudi Yomiuri. Alimfuata kocha wake wa zamani, Fujimoto, kwenye timu iliyoitwa Pacific. Akashinda mechi moja mwaka ule, na hiyo moja ilikuwa ya 200, ya kwanza katika historia ya ligi. Mwaka 1949, akiwa na Daiei Stars, alishinda 27. Alikuwa na miaka 33, mkono umechakaa, kasi imepungua, akajifunza kushinda kwa kuuweka mpira mahali sahihi. Warushaji wengi hufika hapo na kuacha. Yeye alijenga nusu ya pili ya kazi yake kwa akili. Hesabu zake zinaonyesha: 199 kabla ya kuondolewa, 104 baada ya kurudi.

Alimalizia kwenye timu ya mkia, Tombo Unions. Tarehe 4 Septemba 1955, mjini Kyoto, dhidi ya Daiei Stars, timu yake ya zamani, alishangiliwa kwa kufikisha mechi 300. Mwisho wa msimu akastaafu. Tarehe 12 Januari 1957, mjini Tokyo, gari lake liligonga tramu, akafariki palepale barabarani. Alikuwa na miaka 40.

Nilisema kulikuwa na ubishi wa mechi mbili. Nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapopata hoja yangu. Mwaka 1939, warushaji wawili wa timu moja wakigawana mechi, karani alikuwa na uhuru wa kuamua nani amefanya kazi ya kushinda. Katika mechi mbili kati ya zile 42, karani aliona ni Starffin, aliyeingia baadaye, akampa. Baada ya vita watunza kumbukumbu walizipitia upya hesabu za zamani, wakatumia kanuni za baadaye, wakaona mechi hizo ni za wenzake. Starffin akashushwa mpaka 40. Mwaka 1961 Kazuhisa Inao wa Nishitetsu Lions akashinda 42, ikatangazwa kuwa ni rekodi mpya. Mwaka 1962 suala likafika kwa kamishna wa besiboli, na uamuzi ukawa huu: alichoandika karani wa siku ile, kwa kanuni za siku ile, kiheshimiwe. Starffin akarudishiwa mechi zake mbili, na hadi leo yeye na Inao wako sawa kileleni.

Angalia uungwana wa uamuzi huo. Miaka 23 imepita. Mwenyewe ameshafariki miaka mitano. Hana timu ya kumpigania tena. Bado watu wazima wakakaa, wakafungua madaftari, wakasema hapana, hii ilikuwa haki yake, arudishiwe. Najua nchi nyingi ambazo zisingejisumbua. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba Japani ilishindwa kumpa uraia kwa kutojua, au kwa kuwa mambo yalikuwa mengi. Waliojua kumtafutia mechi mbili za mwaka 1939 walijua pia kwamba mtu huyu amekaa kwao tangu 1925. Sheria ya uraia ya mwaka 1950 ilimruhusu mgeni aliyeishi nchini miaka mitano kuomba, na uamuzi ukawa mikononi mwa waziri wa sheria. Starffin aliishi humo zaidi ya miaka thelathini.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Starffin alipewa jembe, akalima misimu karibu ishirini. Lakini mkulima naye ana haki ya kuulizwa: na wewe kwako ni wapi?

Atakayenipinga atasema: mbona aliheshimiwa? Ni kweli. Mwaka 1960 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli ya Japani. Asahikawa, mji alioukimbia usiku, una uwanja wenye jina lake, na nje pamesimama sanamu yake. Nayaheshimu yote hayo. Ila sifa na haki ni vitu viwili. Sifa anapewa mtu kwa hiari ya anayetoa, wakati anapotaka, na mara nyingi baada ya msiba. Haki anaidai mwenyewe akiwa hai, saa anapotishiwa kufukuzwa, saa anapowekwa kizuizini. Sanamu haimsaidii kijana wa miaka 18 aliyeshikwa kwa hofu.

Na si Starffin peke yake. Masaichi Kaneda, mwenye rekodi kubwa kuliko zote kule, mechi 400 alizoshinda kati ya 1950 na 1969, alizaliwa Japani kwa wazazi wa Kikorea, na alipata uraia wa Japani mwaka 1959, akiwa tayari nyota kwa miaka mingi. Wa kwanza kufika 300 na wa kwanza kufika 400, wote wawili walirusha miaka mingi wakiwa wageni kwenye karatasi.

Sisi tusiwacheke. Wamakonde wa Kenya, waliotoka Msumbiji wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, walizaa na kuzikana pale kwa vizazi bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016, walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai, ndipo serikali ikaamua wasajiliwe. Kilo za mkonge zilihesabiwa tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo ninyi mnaoendesha timu, vituo vya vipaji na vyama vya michezo katika nchi zetu: mnapomchukua kijana kutoka kambi ya wakimbizi au mpakani, mwenye miguu ya kasi au mkono mzuri, msiishie kumpima kasi. Muulizeni ana cheti gani cha kuzaliwa, na kama hana, anzeni kumtafutia siku hiyohiyo, kabla hajasaini, ili akisaini awe anaweza pia kukataa. Kazi hiyo ni ya ofisini, haina makofi, na inachukua muda. Ifanyeni akiwa hai.